Mti Hauna Miguu: Unavyopika, Kuficha na Kumwaga Sumu Yake

Ukiona jani lenye matundu mawili matatu, usikimbilie kusema mti umeshindwa. Jani lililoliwa robo likaachwa mara nyingi linaonyesha kwamba kiwavi alionja, hakupendezwa, akahamia kwingine. Mti uliozidiwa hauachiwi robo tatu za jani; unaachiwa mishipa mitupu.

Watu wakizungumzia kinga ya miti huuliza swali moja tu: ni sumu gani? Kwa anayetunza miti, swali hilo halimfikishi mbali, kwa sababu kemikali ile ile inayomuua mdudu huyu ni kitoweo cha mwingine. Maswali yenye faida ni haya: sumu imefichwa wapi, inapikwa lini, na mti unatumia nini kuilipia. Miti mingi inayokufa kwa wadudu haikukosa sumu. Ilikuwa nayo, ila haikuwa na maji ya kuisukuma, au ilichelewa kuipika, au ilikutana na mdudu aliyekwisha kuizoea.

Kwanza, mti usijiue wenyewe

Kitu kinachovuruga seli za kiwavi kinaweza kuvuruga seli za mti pia. Kwa hiyo sumu kali haiachwi izagae ovyo ndani ya jani. Miti ya jamii ya mcheri, Prunus, imetatua jambo hili kwa kutenganisha. Prunasini, kemikali ambayo peke yake haina makali, inakaa mahali pamoja. Vimeng'enya vya kuivunja, yaani protini zinazoharakisha kazi hiyo, vinakaa mahali pengine. Jani likiwa zima hakuna kinachotokea. Kiwavi akilitafuna, vyote viwili vinachanganyika na sayanidi inatoka, pamoja na benzaldehaidi, ambayo ndiyo yenye ile harufu ya lozi chungu. Hii pia ndiyo sababu majani ya mcheri mweusi wa Amerika yaliyonyauka ni hatari kwa ng'ombe: kunyauka kunavunja kuta za ndani kama vile kutafuna kunavyofanya. Ukikata tawi lake, usiliache malishoni.

Mkaratusi unatumia tezi. Inua jani lake ulitazame dhidi ya jua, utaona vitone vinavyopitisha mwanga. Kila kitone ni kijifuko cha mafuta. Katika Eucalyptus globulus sehemu kubwa ya mafuta hayo ni sineoli. Nchini Australia umewahi kuelezwa mti mmoja wa Eucalyptus melliodora ambao mbawakawa waliuvua majani yote isipokuwa ya tawi moja. Tawi hilo lilikuwa na mchanganyiko tofauti wa mafuta, wenye sineoli nyingi zaidi. Mti mmoja, mizizi ile ile, kinga mbili. Ukichukua vipandikizi kwenye mti uliosalimika, basi, angalia unavichukua tawi gani.

Ulimbo: silaha inayoendeshwa kwa maji

Msonobari una mtandao wa mirija kwenye gome na kwenye mbao, imejaa ulimbo uliobanwa. Mbawakawa wa gome akitoboa, ulimbo unasukumwa nje na kumkuta ndani ya tundu lake. Akiwa na bahati anasukumwa nje naye. Asipokuwa nayo anazama humo humo.

Ulimbo huo ni vitu viwili kwa pamoja. Karibu robo ya uzito wake ni tapentaini, yaani kemikali nyepesi kama alfa-pineni na limonini, zinazofanya mchanganyiko utiririke na ambazo ni sumu kwa mdudu na kwa kuvu. Sehemu kubwa iliyobaki ni asidi nzito za kunata. Tapentaini ikishavukiza, kinachobaki kinakauka na kuwa kigumu kama kioo, kidonda kinazibwa. Dawa na bandeji zinatoka kwenye mrija mmoja.

Nguvu ya kuusukuma inatoka kwenye maji. Seli zinazouzunguka mrija zikijaa maji zinaubana. Zikikauka zinalegea, na mrija unalegea nao. Ndiyo maana shinikizo huwa juu kabisa kabla ya jua kuchomoza, kisha hushuka mchana majani yanapopoteza maji. Ukitaka kulinganisha miti miwili, toboa gome kwa patasi ya duara yenye kipenyo cha sentimita 1.5 hadi 2.5, uishie pale mbao inapoanza, bila kuingia ndani yake. Bandika chini ya tundu mfereji mdogo unaoingia kwenye kichupa ulichokwisha kukipima uzito, kisha upime tena baada ya saa 24. Toboa miti yote saa ile ile, kimo kile kile, upande ule ule wa shina. Kosa la kawaida ni kutoboa mmoja asubuhi na mwingine alasiri, halafu tofauti ya saa ikasomwa kama tofauti ya miti.

Ukame una sura mbili hapa. Ukiwa mdogo, unasimamisha ukuaji kabla haujapunguza sana utengenezaji wa sukari, na sukari isiyojenga matawi inaweza kuishia kwenye ulimbo. Mti wenye kiu kidogo unaweza kuwa na ulimbo mwingi kuliko uliomwagiliwa hadi ukashiba. Ukizidi, vinyweleo vya majani, yaani vitundu vya kupitishia hewa, vinafungwa, sukari inakatika, shinikizo linashuka. Hapo ndipo mbawakawa hushinda.

Lakini hata mti wenye afya huzidiwa na wingi. Chukua mbawakawa wa misonobari ya milimani ya Amerika Kaskazini, Dendroctonus ponderosae: wa kwanza kutua ana urefu wa milimita 5 hivi, na peke yake hana ubavu wa kushindana na mirija yote hiyo. Anachofanya ni kuigeuza silaha yenyewe. Anaichukua alfa-pineni ya mti, anaiongezea oksijeni mwilini mwake, inakuwa verbenoli, na verbenoli ndiyo mwito wa kuwaita wenzake. Kadiri mti unavyovuja, ndivyo mwito unavyopata malighafi. Wanakuja kwa mamia, wanatoboa kila upande kwa siku chache, na ulimbo uliokuwa unatosha matundu kumi unagawanywa kwenye mamia. Wamebeba pia kuvu wanaoingia kwenye mbao na kuitia rangi ya samawati huku wakiziba njia za maji. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, mlipuko ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 uligusa zaidi ya hekta milioni 18 za misitu. Majira ya baridi yasiyo makali, yasiyowaua lava chini ya gome, yalichangia sana.

Shina linaeleza vita imefikia wapi, ukijua kulisoma. Bonge la ulimbo lenye rangi ya maziwa au waridi hafifu, lisilo na unga wa mbao, mara nyingi linaonyesha mdudu alisukumwa nje. Wakati mwingine utamkuta amegandia humo. Bonge la rangi ya kahawia nyekundu, lililochanganyika na unga, ni la mdudu aliyefanikiwa kuingia. Dalili mbaya kuliko zote haivutii jicho: unga mkavu wa kahawia kwenye mianya ya gome na chini ya shina, bila bonge lolote. Maana yake mti haukuwa na ulimbo wa kumwaga. Usingoje majani yawe mekundu ndipo uamini. Msonobari uliokwisha kufa kwa wadudu hawa unaweza kubaki kijani karibu mwaka mzima, na majani yanapobadilika kizazi kipya kimeshahama. Banjua kipande cha gome penye shaka utafute njia za mayai na rangi ya samawati.

Wadudu wenyewe wana tangazo la "pamejaa", linaloitwa verbenoni, na watunza misitu huliiga kwa vifuko vinavyotundikwa kwenye shina kabla msimu wa kuruka haujaanza. Vinasaidia kulinda miti michache ya thamani pale wadudu wanapokuwa wa kiasi. Wakiwa wamefurika, tangazo linapuuzwa. Vikitundikwa baada ya mti kuanza kushambuliwa ni kazi bure.

Utomvu mweupe

Mpapai, mkuyu na mforsadi hutumia mirija pia, lakini yenye utomvu mweupe unaoganda ukikutana na hewa. Wengi hudhani kazi yake ni kunasa tu. Watafiti wa Japani waliuosha utomvu kwenye vipande vya majani ya mpapai, na viwavi waliokuwa wakifa kwa majani hayo wakala bila kudhurika. Walipoupaka juu yake kizuizi cha papaini bila kuuosha, matokeo yakawa yale yale. Kwa hiyo silaha ni papaini yenyewe, kimeng'enya kile kile kinacholainisha nyama, kikimmeng'enya kiwavi aliyekuja kula.

Utomvu wa mforsadi una alkaloidi zinazofanana na sukari, nazo huziba vimeng'enya vya kumeng'enya sukari tumboni mwa mdudu. Nondo wa hariri ndiye mdudu tunayemlisha majani hayo kwa makusudi, kwa sababu vimeng'enya vyake vimebadilika na haviguswi. Mtu akitazama banda la hariri anaweza kusema mforsadi ni jani laini lisilo na kinga, kumbe anamtazama mdudu mmoja aliyeipata funguo.

Udhaifu wa mirija yote, ya utomvu na ya ulimbo, ni ule wa bomba lolote: likikatwa juu, chini hapafiki kitu. Wadudu kadhaa hutafuna kwanza mshipa mkuu karibu na kikonyo, wanasubiri utomvu umwagike, halafu wanakula upande wa ncha ambako shinikizo limekwisha. Ukikuta jani limening'inia na mshipa umekatwa nusu, usidhani ni upepo.

Tanini, na saa ya kula

Maelezo yanayorudiwa mno ni kwamba tanini, zile kemikali za majani zinazokaza ulimi, hushikana na protini za chakula, kiwavi akashiba bila kushibisha mwili. Kwa viwavi wengi maelezo hayo hayatoshi. Tumbo la kati la kiwavi ni la alkali kali, mara nyingi pH 9 au zaidi, na katika hali hiyo tanini hazishikani vizuri na protini. Kinachotokea ni kwamba baadhi yake huoksidishwa, zinazaa molekuli korofi zinazounguza ukuta wa tumbo. Kwa hiyo kupima "jumla ya tanini" kwenye jani hakukuambii mengi; aina yake ndiyo yenye uzito.

Saa nayo ina uzito. Mwaka 1970 Paul Feeny alionyesha kwamba majani ya mwaloni wa Uingereza yanazidi kuwa na tanini, na kuwa magumu, kadiri majira ya joto yanavyosonga. Viwavi wa nondo wa majira ya baridi hutoka kwenye mayai wakati vichipukizi vinapofunguka, wakala kwa haraka wiki chache za mwanzo. Akitoka mapema mno hana jani la kula. Akichelewa, meza imeshafungwa. Kwa mtunza miti hii inamaanisha kwamba dirisha la hatari ni chipukizi changa, na ukaguzi wa kila wiki wakati huo una faida kuliko ukaguzi wa mwaka mzima uliobaki.

Kupika baada ya kuumwa

Sumu iliyohifadhiwa muda wote ni gharama, kwa hiyo mti huweka kiasi na kungoja. Ukiumwa, asidi ya jasmoni, homoni ya mti, huongezeka kwenye kidonda na kuwasha mapishi mapya. Katika misonobari na jamaa zake hata mirija mipya ya ulimbo hujengwa, lakini kazi hiyo inachukua wiki kadhaa. Mdudu anayemaliza shughuli yake kwa siku tano haisubiri. Kwenye vitalu vya miche, methili jasmoneti, jamaa ya asidi hiyo, imejaribiwa ili kuamsha kinga hiyo mapema, na inafanya kazi, ila miche hupunguza kasi ya kurefuka. Gharama haikwepeki.

Mwaka 1983 Ian Baldwin na Jack Schultz walichana majani ya miche ya popla, na ndani ya saa 52 fenoli, kundi la kemikali za kinga ambalo tanini zimo, zilikuwa zimepanda kwenye miche iliyochanwa na kwenye ile mizima iliyovuta hewa moja nayo. Tangu hapo watu wamependa kusema miti "inaongea". Mimi naona neno hilo linapotosha. Aliyechanwa anavuja harufu, na jirani mwenye pua anafaidika. Kuna mfano unaokaribia zaidi kuitwa wito. Mbawakawa wa mti wa elmu akitaga mayai kwenye jani, mti hutoa harufu inayomvuta kijinyigu, Oomyzus gallerucae, anayetaga mayai yake ndani ya yale ya mbawakawa. Hapo jani halijaliwa hata kidogo. Ukinyunyizia dawa inayoua kila mdudu, umewaua pia walioitwa.

Kuazima kinga ya mwarobaini

Mwaka 1959 nchini Sudan, Heinrich Schmutterer aliona nzige wamemaliza majani ya kila kitu isipokuwa mwarobaini. Kemikali kuu, azadiraktini, ilitengwa mwaka 1968, umbo lake likathibitishwa mwaka 1985, na kuiunda maabara kulikamilika mwaka 2007. Inamfanya mdudu akatae kula, na akila inavuruga homoni ya kujivua gamba, hivyo buu hukwama kati ya umbo moja na jingine. Ipo kwa wingi zaidi kwenye kiini cha mbegu. Majani yana kidogo, na ndiyo sababu supu ya majani ambayo wengi huichemsha huleta matokeo ya kubahatisha.

Kipimo kilichozoeleka ni gramu 50 za kiini cha mbegu kwa kila lita moja ya maji. Okota matunda yaliyoiva, menya nyama, osha mbegu, zianike kivulini mpaka zikauke kabisa, uziweke kwenye gunia linalopitisha hewa. Mbegu yenye ukungu itupe, kwa kuwa inaweza kuwa na aflatoksini, sumu ya ukungu. Vunja ganda, twanga kiini hadi kiwe unga mnene lakini usikikamue mafuta, kifunge kwenye kitambaa, ukiloweke usiku kucha kwenye maji baridi. Asubuhi kamua, chuja mara mbili ili pampu isizibe, ongeza sabuni kidogo ya maji ishikamane na jani. Tumia siku hiyo hiyo, jua likishapungua, ukifika upande wa chini wa majani. Rudia baada ya siku saba, na mapema zaidi mvua ikinyesha.

Inaposhindwa, sababu huwa moja kati ya chache. Maji yalichemshwa, na joto likaivunja azadiraktini. Maji au sabuni vilikuwa na alkali nyingi, nayo huivunja pia. Ilinyunyiziwa saa sita mchana na jua likaimaliza. Mbegu zilikuwa za zamani. Au viwavi walikuwa wakubwa tayari, maana dawa hii inawapata wadogo. Na wakati mwingine imefanya kazi ila mtu alitarajia waanguke jioni ile ile; hesabu majani mapya yanayoliwa, usihesabu maiti. Vaa glavu, na mafuta ya mwarobaini yasimezwe, hasa na watoto wadogo, kwao ni sumu.

Mwarobaini wenyewe hauna kinga kamili. Kuzunguka Ziwa Chad umewahi kushambuliwa vibaya na mdudu gamba, Aonidiella orientalis. Huyo hatafuni, anadunga na kunyonya, na njia hiyo haimkutanishi na sumu nyingi iliyo kwenye mbegu.

Anayefungua mlango ni mtunzaji

Naitrojeni nyingi ni kosa la kwanza. Inakuza majani laini yenye protini, huku fenoli zikipungua, na vidukari wanazaana kama waliotumiwa mwaliko. Usiweke mbolea ya naitrojeni kwenye mti uliodhoofika kwa ukame au uliotoka kuvuliwa majani. Mpe maji kwanza, taratibu, chini ya ukingo wa matawi, mpaka udongo ulowane sentimita 30 hadi 45. Kosa la pili ni kupogoa misonobari wakati mbawakawa wanaruka: harufu ya kidonda kibichi inawaelekeza. Magogo na matawi mabichi yaondolewe au yabanduliwe gome.

Kuna sumu pia ambazo mdudu ameshazihamisha upande wake. Lava wa mbawakawa wa popla hula salisini ya majani na kuitengenezea kinga yake mwenyewe, salisilaldehaidi, inayotoka mgongoni akiguswa. Mbawakawa atoboaye punje za kahawa anaishi ndani ya kafeini kwa msaada wa bakteria wa tumboni. Utafiti wa mwaka 2015 uliwaondoa bakteria hao kwa antibayotiki na kafeini ikapita bila kuvunjwa. Kwa wadudu wa namna hii, kuchagua aina ya mti yenye sumu hiyo nyingi zaidi hakutakusaidia.

Na mti uliokatwa bado una kinga, ila katika sehemu moja tu. Ukanda mweupe wa nje ya shina ulikuwa hai na umejaa wanga. Mchwa na wadudu wa unga huuanza huo, hata mti uwe wa sifa gani. Kiini cheusi ndicho kilichojazwa kemikali kabla seli zake hazijafa, kama zile kwinoni za msaji. Hata ndani ya kiini kuna tofauti: sehemu ya nje ya kiini, inayopakana na ukanda mweupe, mara nyingi ndiyo imara kuliko zote, na ile ya katikati kabisa ni dhaifu zaidi. Ukichagua nguzo ya kusimika ardhini, tazama kichwa chake kilichokatwa upime upana wa kiini, na ule mweupe uuchonge kabla ya kuisimika.